Jinzi Kazini, Kijerumani Kinywani: Mwongozo kwa Anayekwenda Kufanya Kazi Ujerumani

Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya uhamiaji na ajira mjini Berlin, Septemba 2024, vijana wa Nairobi na Mombasa, na hata wa Arusha na Dar es Salaam, wamekuwa na maswali mengi. Mawili huulizwa kana kwamba hayajuani: huko kazini watu huvaa nini, na lugha nitaishikaje? Mimi naona ni swali moja.

Kwetu mavazi hutangulia kusema. Mwenye suti na tai ni mkubwa, au ni mgeni wa mkubwa, na mwenye fulana anatumwa chai. Ujerumani ishara hizo zimefifia. Dieter Zetsche, aliyeongoza kampuni ya magari ya Daimler hadi 2019, alizoeleka kupanda jukwaani kwa jinzi na raba, shingo haina tai. Mkuu wa idara anaweza kufika kwa baiskeli, koti la mvua limelowa, ukadhani ni tarishi. Mgeni akiona hivyo huamua kwamba hapa hakuna mkubwa wala mdogo, basi naye anaanza kuongea anavyotaka. Hapo ndipo anapojikwaa. Ngazi ipo, ila imetoka kwenye nguo ikahamia kwenye lugha. Kwa hiyo mavazi utayamaliza kwa wiki mbili. Lugha ndiyo itakayokuvika heshima au kukuvua.

Hatua ya kwanza: anza na lugha, nyumbani, mapema

Ujerumani hupima lugha kwa viwango vya Ulaya, kuanzia A1 ya anayeanza hadi C2 ya mbobezi. Anayekwenda kusomea ufundi kazini, yaani *Ausbildung*, kwa kawaida hudaiwa B1. Muuguzi anayetaka cheti chake kitambuliwe huombwa B2, na daktari hupimwa Kijerumani cha kitabibu kwa kiwango cha C1. Anayekuambia kwamba "ukifika utajifunza" anataka kukuuzia kitu.

Piga hesabu ya muda kwa uaminifu. Kozi ya kuwaingiza wageni katika jamii inayosimamiwa na serikali ya Ujerumani hutenga masomo 600 ya lugha, kila somo dakika 45, kumtoa mtu sifuri hadi B1. Hayo ni saa 450. Ukijitolea saa mbili kwa siku, siku tano kwa wiki, unaongelea miezi kumi au zaidi, tena bila kuugua wala kukatikiwa umeme. Panga pesa na kazi zako ukijua hivyo.

Mtihani wa Goethe-Institut, ambayo ina ofisi Nairobi na Dar es Salaam, una sehemu nne kwa B1: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Kila sehemu inadai alama 60 kati ya 100, na unaweza kuifanya peke yake. Ukianguka kusikiliza, unarudia kusikiliza tu. Kusikiliza ndiko kunakowaangusha wengi, kwa sababu walijifunza Kijerumani kwa macho. Dawa yake haina gharama: Deutsche Welle, hao hao ambao wazee wetu wamewasikiliza kwa Kiswahili tangu 1963, wana masomo ya bure ya Kijerumani na taarifa za habari zinazosomwa polepole kwa ajili ya wanafunzi. Sikiliza taarifa moja mara tatu. Ya kwanza bila maandishi, ya pili ukiyafuata, ya tatu ukisema pamoja na msomaji kwa sauti.

Msemaji wa Kiswahili ana faida moja na shida moja. Faida ni kwamba watu hulia na *der, die, das*, makundi matatu ya nomino, wakati wewe umekulia kwenye ngeli na hujawahi kuuliza kwa nini kiti ni "kiti hiki" na mti ni "mti huu". Ulijifunza nomino pamoja na vazi lake. Fanya vivyo hivyo: usiandike *Schuh*, andika *der Schuh*, usiandike *Jacke*, andika *die Jacke*. Shida ni konsonanti zinazobanana bila irabu. Ulimi wetu hutaka kupenyeza irabu, na neno *Strumpf*, soksi, linageuka kuwa na silabi nne. Jirekodi kwenye simu ukisema *Arzt*, *Strumpf*, *Dienstplan*, *Herbst*, kisha sikiliza kama kuna irabu uliyoizidisha.

Hatua ya pili: jua kazi yako inavaa nini

"Wajerumani huvaa kawaida" ni kweli nusu. Kwenye kampuni za programu na vyuo vikuu, jinzi, fulana safi na raba zinatosha mwaka mzima, na ukija na suti utaulizwa kama una usaili mahali pengine. Ofisi nyingi za serikali ni shati au sweta, tai hakuna. Benki, bima na mawakili bado wana suti, hasa wanaokutana na wateja, ingawa tai inazidi kupotea. Kwenye shule za watoto wadogo utavaa nguo za kuchafuka na viatu vya ndani, yaani kandambili za heshima zinazofunika vidole. Kiwandani na kwenye karakana hakuna mjadala: viatu vya usalama vyenye ncha ya chuma, na vifaa vya kujikinga analipia mwajiri. Akikuambia ununue kofia ya kinga kwa pesa yako, uliza mara mbili.

Jambo linalosumbua zaidi kuliko aina ya nguo ni hali yake. Jinzi inaruhusiwa, lakini jinzi iliyochanika magoti ofisini bado inatazamwa. Fulana inaruhusiwa, yenye maandishi makubwa ya kuchekesha si sana. Viatu vipigwe brashi. Na manukato yapunguzwe. Kwenye chumba kilichofungwa madirisha kwa sababu ya baridi, marashi ya kupendeza ya Mombasa yanaweza kumuumiza kichwa mwenzako, naye hatasema, atafungua dirisha Januari.

Hatua ya tatu: begi

Usinunue koti zito nyumbani kwa bei ya dukani. Makoti mengi ya mitumba yanayoning'inia Gikomba na Karume yametoka Ulaya, na kuyarudisha huko kwa ndege ni kichekesho, lakini moja la kukufikisha kutoka uwanja wa ndege hadi nyumbani ni la lazima, na Gikomba ndiko lilipo la bei nafuu. Mengine nunua ukifika, kwenye masoko ya vitu vilivyotumika au kwenye mtandao wa Kleinanzeigen.

Vaa kwa tabaka. Nje ni nyuzi sifuri, ndani kuna joto la kutosha kuvaa shati tu. Mtu aliyevaa sweta moja nene sana hana la kuvua. Akiingia ofisini anatoka jasho mpaka jioni. Fulana nyembamba, shati, sweta jepesi, koti lisilopitisha maji: kila moja livuliwe peke yake. Pesa yako ya kweli weka kwenye viatu. Viatu vinavyovuja maji Novemba vitakuharibia wiki nzima.

Vitenge? Beba. Kwenye ofisi ya kawaida hakuna atakayekukataza shati la kitenge, na litakupa kitu ambacho kozi haitoi: wenzako watakuuliza. Andaa sentensi tatu kabla hujalivaa. Kitambaa ni cha nini, huvaliwa lini, nani alikushonea. Sema *Das hat ein Schneider in Mwanza genäht*, kimeshonwa na fundi wa Mwanza, na tayari una mazungumzo ya dakika tano ambamo wewe ndiye mjuzi.

Hatua ya nne: usaili na siku ya kwanza

Kwa usaili, hata wa kompyuta ukiwa Nakuru, vaa hatua moja juu ya wanavyovaa wao kila siku. Tazama picha za wafanyakazi kwenye tovuti ya kampuni. Wakiwa na fulana, wewe vaa shati lenye kola. Wakiwa na shati, ongeza koti. Siku ya kwanza vaa ulivyovaa kwenye usaili bila koti, na ya pili ufuate macho yako.

Kuhusu mavazi ni halali kabisa kuuliza, na swali lenyewe ni zoezi la lugha. Andika barua pepe wiki moja kabla: *Gibt es eine Kleiderordnung, und bekomme ich Arbeitskleidung gestellt?* Yaani kuna utaratibu wa mavazi, na je, nitapewa nguo za kazi? Jibu lisomwe polepole na kamusi, na kila neno jipya liingie daftarini.

Hatua ya tano: Sie na du

Hapa kaa kidogo, kwa sababu ndipo jinzi ya bosi inapomdanganya mgeni.

Kijerumani kina njia mbili za kumwita mtu "wewe". *Sie* ni ya heshima na umbali, huenda na jina la ukoo: Frau (Bi) Schmidt, Herr (Bwana) Müller. *Du* ni ya ndani, huenda na jina la kwanza. Kuhama kutoka *Sie* hadi *du* si jambo linalotokea lenyewe, hutolewa. Mkubwa humpa mdogo, aliyetangulia kazini humpa aliyekuja jana. Mgeni hasubutu kuanza. Atakayekupa atasema *Wir können uns duzen*, yaani tunaweza kuitana *du*, pengine akinyoosha mkono na kutaja jina lake la kwanza kama vile mnakutana upya. Wewe jibu kwa furaha, taja lako, na kuanzia hapo usirudi nyuma. Kumrudishia *Sie* mtu aliyekupa *du* ni kama kumrudishia sahani ya pilau aliyokupakulia.

Kampuni nyingi zimeamua *du* kwa wote. Mwaka 2016 mkuu wa kundi la biashara la Otto la Hamburg, Hans-Otto Schrader, aliwaruhusu wafanyakazi wake wapatao 53,000 wamwite *du*, tena kwa kifupi cha jina lake, Hos. Ilikuwa habari ya magazeti. Fikiria: nchi ambayo mkurugenzi anaweza kuvaa raba bila mtu kushtuka, lakini akiruhusu kiwakilishi kibadilike inaandikwa.

Hivyo basi, sikiliza kabla ya kusema. Siku mbili za kwanza tumia *Sie* kwa kila mtu mzima na usikilize wanavyoitana wao kwa wao. Msikilize hasa wa umri wako aliyeajiriwa karibuni anavyomwita mkuu. Utakutana pia na mchanganyiko: jina la kwanza pamoja na *Sie*, kunakoitwa *Sie* ya Hamburg, na kinyume chake *du* pamoja na jina la ukoo, ambako utakusikia madukani mwenye kashia akimwita mwenzake kutoka kashia ya pili. Usiige, elewa tu.

Maneno yetu ya heshima yaache uwanja wa ndege. "Mama", "mzee", "dada", "bosi", "mkuu" hayatafsiriki. Ukimwita muuguzi wa miaka hamsini *Mama* ukidhani unamheshimu, umemwambia amezeeka, tena wewe si mtoto wake. Frau na jina lake la ukoo, basi. Wagonjwa na wateja ni *Sie* daima, hata bibi aliyepoteza kumbukumbu na anayekuita wewe *du* kila asubuhi. Watoto ni *du*.

Hatua ya sita: sare ya hospitali, na hijabu

Kwa kuwa wengi wanaotoka kwetu wanaelekea kwenye uuguzi na nyumba za wazee, hapa maelezo yanahitaji kuwa kamili. Sare ni blauzi fupi ya mikono mifupi iitwayo *Kasack* na suruali yake, viatu vilivyofungwa mbele. Kanuni ya usalama kazini, TRBA 250, inakataza mapambo kwenye mikono na vigasha: pete, hata ya ndoa, saa ya mkononi, bangili. Bangili ya shanga uliyopewa na bibi inabaki kabatini. Kucha ziwe fupi. Za bandia na za jeli hazikubaliki, kwa hiyo zitoe kabla ya kuripoti na usisubiri kuambiwa. Saa ya kubana kifuani itakusaidia kuhesabu mapigo. Rasta na misuko havina tatizo mradi vifungwe nyuma visimguse mgonjwa.

Kubadili nguo pia ni muda. Mahakama Kuu ya Kazi ya Ujerumani imeshaamua kwamba pale mwajiri anapoagiza sare na kutaka ivaliwe hapo kazini, dakika za kuivaa ni za kazi. Soma mkataba wako unasemaje kabla ya kuanza kufika mapema kila siku kwa hisani. Na uwe makini na kitenzi: *ich ziehe mich um* ni nabadili nguo, *ich ziehe um* ni nahama nyumba. Ukimwambia kiongozi wa zamu la pili, atakuuliza unahamia mji gani.

Hijabu ni swali la dada wengi wa Pwani na Zanzibar, na jibu linategemea mwajiri. Sheria ya usawa ya 2006 inakukinga dhidi ya ubaguzi wa dini. Lakini Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema mwaka 2021 kwamba mwajiri binafsi anaweza kukataza alama zote za dini zinazoonekana, iwapo ana haja ya kweli ya kufanya hivyo na katazo linamgusa kila mtu, msalaba kama hijabu. Hospitali nyingi huruhusu, kwa sharti la usafi: kitambaa kifupi, kinachobadilishwa kila siku na kufulika kwa maji ya moto. Hospitali za makanisa ni habari nyingine. Mahakama zimewapa nafasi kubwa zaidi ya kukataa. Usisaini ukitumaini mtaelewana baadaye. Uliza kwa maandishi, na jibu lihifadhi.

Hatua ya saba: jifunzie mezani

Darasani utapata sarufi. Kijerumani cha kazi kinapatikana kwenye chumba cha kubadilishia nguo na meza ya mapumziko, ambako wanaongea haraka, wanakata maneno, wanalalamikia ratiba. Kosa la wengi ni kukaa pembeni na simu, wakiwasiliana na nyumbani. Wapigie nyumbani jioni. Mchana kaa mezani hata kama unaelewa robo.

Utasikia *Mahlzeit*, salamu ya wakati wa chakula, saa sita mchana koridoni. Jibu *Mahlzeit*, imetosha. Utasikia *Feierabend*, mwisho wa kazi wa siku, neno linalotajwa kwa upendo kuliko mengi. Mazungumzo ya mwanzo ni hali ya hewa, wikiendi na chakula. Mshahara hauulizwi.

Hatari ya ofisi za Berlin ni Kiingereza. Wenzako wa jinzi na raba watakuonea huruma, watahamia Kiingereza, na miaka itapita ukiwa bado unaagiza mkate kwa kidole. Sema mapema: *Können wir bitte Deutsch sprechen? Ich möchte es lernen.* Yaani tafadhali tuongee Kijerumani, nataka kujifunza. Chagua mwenzako mmoja mvumilivu, si timu nzima, mkubaliane kwamba chakula cha mchana ni Kijerumani tu.

Na uache tabia moja tuliyolelewa nayo: kuitikia kwa adabu usichokielewa. Kwetu kumwambia mkubwa "sijasikia" mara mbili ni utovu. Wodini *ja* ya adabu inaweza kumfanya mgonjwa apewe dawa mara mbili. Rudia ulichosikia kwa maneno yako: *Nur um sicherzugehen: Frau Schmidt bekommt die Tablette erst nach dem Essen?* Yaani nihakikishe tu: Frau Schmidt anapewa kidonge baada ya kula? Hakuna atakayekuona mjinga. Wajerumani hupenda kuhakikisha.

Mfukoni mwa sare weka daftari dogo. Siyo maneno pweke, sentensi nzima kama ulivyoisikia. Jioni zisome kwa sauti, na kesho itumie moja hata kama mahali pake si sahihi sana.

Hatua ya nane: tarakimu, saa, simu

Sisi husema ishirini na tano. Wao husema tano na ishirini, *fünfundzwanzig*. Akikutajia namba ya chumba kwenye simu, usiandike tarakimu ya kwanza uliyoisikia. Subiri neno liishe. Fanya mazoezi ya joto la mwili na namba za simu mpaka usifikirie tena.

Saa ni mtego wa mara mbili kwetu. *Halb acht* si saa nane na nusu. Ni nusu ya kuelekea nane, yaani 7:30, ambayo kwa Kiswahili ni saa moja na nusu asubuhi. Ukitafsiri kichwani utapitia vituo viwili na utachelewa zamu. Kusini na mashariki kuna wanaosema *viertel acht*, wakimaanisha 7:15. Mpaka uzoee, malizia kila miadi kwa kusema tarakimu zenyewe: *Also sieben Uhr dreißig?*, yaani ni saba na dakika thelathini, sivyo?

Kuhusu lahaja, elewa tu kwamba Kijerumani cha kozi si cha kila mji. Bavaria watakusalimia *Grüß Gott* au *Servus*, Hamburg *Moin* hata jioni. Salamu ya mahali ijifunze siku ya kwanza. Mengine yatakuja na wazee wodini, ambao ndio walimu wakali na wenye muda.

Hatua ya tisa: usisimame B1

Karibu kila mji una *Volkshochschule*, shule ya watu wazima yenye kozi za jioni kwa bei ya kuhimilika. Kwa wafanyakazi kuna pia kozi za lugha ya kazi zinazosimamiwa na ofisi ya shirikisho ya uhamiaji na wakimbizi, BAMF. Uliza ndani ya kipindi cha majaribio, ambacho hakizidi miezi sita, kama mwajiri atakupangia zamu zisizogongana na kozi. Ukiuliza ukiwa umeshazoeleka kwenye zamu za jioni, nafasi yako imeshajazwa na mazoea.

Mwaka ukiisha unaweza kujaza marejesho ya kodi. Nguo maalumu za kazi na gharama ya kuzifua, kama *Kasack* na viatu vya usalama ulivyolipia mwenyewe, unaweza kuziombea punguzo, tunza risiti. Jinzi hazimo, hata kama hujawahi kuzivaa popote isipokuwa ofisini.